Rekodi za Lenzi, na Ile ya Kuanzia Wewe

Lenzi kubwa kuliko zote duniani haiuzwi dukani. Iko juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, ndani ya kamera ya kituo cha kutazamia nyota cha Vera C. Rubin, na upana wake ni mita 1.57. Ukiisimamisha sebuleni, mtoto wa darasa la saba anaweza kujificha nyuma yake bila kuinama. Kamera inayoibeba ina uzito wa takriban tani 3 na sensa ya megapikseli 3,200. Picha zake za kwanza zilionyeshwa hadharani Juni 2025.

Kijana aliyejibana miezi kadhaa hadi akapata kamera yake ya kwanza hana haja na mlima wa Chile. Ana harusi ya dada yake Jumamosi, mahafali ya jirani mwezi ujao, na swali moja: kwa hela hii kidogo niliyobakiza, ninunue lenzi gani itakayonifaa kwa kila kazi?

Nitamjibu kwa kumpitisha kwenye rekodi. Kila lenzi iliyowahi kuitwa kubwa kuliko zote, nyepesi kuliko zote au inayovuta kuliko zote ililipia sifa hiyo kwa kupoteza sifa nyingine. Ukijua rekodi ililipiwa kwa nini, unajua na wewe utalipishwa nini dukani.

Kwanza, namba mbili zilizoandikwa kwenye kila lenzi. Ya kwanza ni milimita: ikiwa ndogo lenzi inaona eneo pana, ikiwa kubwa inavuta vya mbali vikaja karibu. Ya pili inafuata herufi f, nayo inahusu tundu la kupitishia mwanga, ambalo wapigapicha wanaliita apacha. Hapo ndipo wageni wengi wanapotea, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ndilo kubwa. Siri ni kwamba hiyo namba ni kigawanyo. Chukua milimita 50 ugawanye kwa 1.8, unapata tundu lenye upana wa karibu milimita 28. Gawanya kwa 5.6, unabaki na milimita 9 tu. Hesabu hiyo ikikaa kichwani, mengine yote yatasomeka.

Nzito kuliko nyingi: kilo 256

Mwaka 2006 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilionyesha lenzi ya milimita 1700, f/4, iliyotengenezwa kwa agizo la mteja mmoja mpenzi wa picha za wanyamapori. Ilikuwa na uzito wa kilo 256, yaani magunia mawili na nusu ya mahindi. Rudi kwenye hesabu yetu: 1700 gawanya kwa 4 ni 425. Tundu lake peke yake lilihitaji vioo vyenye upana wa karibu nusu mita, na vioo vya upana huo havibebwi begani.

Nyuma yake wapo wadogo zake. Canon walitoa lenzi ya milimita 1200, f/5.6, mwaka 1993, ikiwa na kilo 16.5, pungufu kidogo ya ndoo ya maji ya lita 20. Mwaka 2008 Sigma wakaja na ya milimita 200 hadi 500 yenye f/2.8, rangi ya kijani, kilo 15.7, yenye betri yake yenyewe ya kuendeshea fokasi na mvuto.

Kwa anayeanza, somo liko wazi. Mwuzaji akikuahidi lenzi inayovuta mbali, inayoingiza mwanga mwingi, nyepesi na ya bei nafuu, amekuahidi vitu vinne ambavyo vioo havijawahi kuvitoa kwa pamoja. Chagua viwili. Ukibahatika sana, vitatu.

Yenye namba ya f ndogo kuliko nyingi: mishumaa ya Kubrick

Katikati ya miaka ya 1960, Zeiss walitengeneza lenzi kumi tu za milimita 50 zenye f/0.7. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilizihitaji kwa ajili ya kupiga picha za upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alinunua tatu kati yake, akazitumia katika filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975 kupiga maonyesho ya ndani yaliyoangazwa na mishumaa. Mpigapicha wa filamu hiyo, John Alcott, alipata tuzo ya Oscar.

Gharama yake? Tundu likiwa kubwa kiasi hicho, sehemu ya picha iliyo kali inakuwa nyembamba kama ukanda. Waigizaji walilazimika kukaa karibu bila kujongea, kwani mtu akiegemea mbele kidogo tu, uso unatoka kwenye fokasi.

Tatizo hilo hilo, kwa kiasi kidogo, ndilo linalowapata wanaonunua lenzi ya f/1.8 kwa mara ya kwanza. Wanaifungua mpaka mwisho, wanasogea hadi mita moja na nusu, wanapiga, halafu wanashangaa jicho moja limekuwa kali na sikio limefifia. Hakuna kilichoharibika. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo ya APS-C, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wanaoanza, umbali huo unakupa takriban sentimita 6 tu za ukali kutoka mbele hadi nyuma. Bwana na bibi harusi waliosimama mmoja mbele kidogo ya mwenzake hawawezi kuenea humo. Rudi nyuma mpaka mita mbili na nusu, punguza tundu hadi f/4, na ukanda wa ukali unafika karibu sentimita 38. Hapo wote wawili wanatoka.

Siku hizi lenzi zinazoikaribia ile ya Kubrick zinauzwa, ila si kwa bei ya anayeanza. Nikon walipotoa lenzi yao ya milimita 58, f/0.95, mwaka 2019, bei yake ilikuwa dola 7,999.95 na uzito wake kilo 2.

Ya kwanza kwa sura za watu: askari wa mizinga na hesabu

Picha za miaka ya mwanzo zilikuwa adhabu kwa anayepigwa. Lenzi zilipitisha mwanga kidogo, na mtu alikaa dakika kadhaa bila kutikisika. Mwaka 1840 mwanahisabati Joseph Petzval, aliyefundisha Vienna, alibuni lenzi kwa hesabu badala ya kubahatisha, na inasimuliwa kwamba alisaidiwa na askari wa mizinga waliokuwa mahodari wa kukokotoa. Voigtländer wakaitengeneza. Tundu lake lilikuwa karibu f/3.6, kubwa mno kwa zama hizo, na muda wa kukaa tuli ukashuka hadi chini ya dakika.

Sasa tazama lenzi iliyokuja na kamera yako ndani ya boksi. Kwa walio wengi ni ya milimita 18 hadi 55, na mbele imeandikwa f/3.5-5.6. Maana yake ukiwa kwenye milimita 18 tundu lako linafika f/3.5, karibu sawa na la Petzval wa mwaka 1840. Ukivuta hadi 55, linabanwa hadi f/5.6 na unakuwa nyuma ya babu huyo.

Ndiyo maana lenzi hii inatukanwa kuliko zote. Na bado inastahili heshima. Canon walipotoa kamera ya EOS 300D mwaka 2003, iliuzwa pamoja na lenzi ya 18-55 kwa chini ya dola 1,000, jambo ambalo kamera za dijitali za kubadilisha lenzi hazikuwahi kulifanya. Lenzi hiyo ilikuwa na gramu 190. Ndiyo iliyowatoa watu wengi kwenye kamera ndogo za mfukoni na kuwatia kwenye kazi. Mchana kweupe, ukiwa nje, f/5.6 ni tundu la kutosha, na picha yake ikichapishwa kwenye albamu hakuna mgeni atakayeuliza ilipigwa kwa lenzi gani. Tofauti inaonekana jua likizama, au ukumbini pale taa zinapopunguzwa maharusi waingie.

Piga hesabu ya ukumbi huo. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Kama kwa lenzi ya boksi kamera inadai kuacha shata, yaani pazia la mbele ya sensa, wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na wacheza ngoma wanatoka kama moshi, kwa f/1.8 inadai karibu sehemu ya mia. Hapo hatua ya mchezaji inakaribia kusimama.

Inayovuta kuliko nyingi: mara 22.2

Lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35 iliitwa Zoomar, ikatolewa na Voigtländer mwaka 1959. Ilivuta kutoka milimita 36 hadi 82, kiasi ambacho leo hakimshangazi hata mwenye simu. Mwaka 1992 Tamron wa Japani wakatoa ya 28 hadi 200, na hapo ikazaliwa ndoto ya lenzi moja ya safari. Mwaka 2017 kampuni hiyo hiyo ikafika kilele chake: milimita 18 hadi 400, mvuto wa mara 22.2, ndani ya mwili wa gramu 700 na ushee.

Ukiishika mkononi unaielewa ndoto yenyewe. Umesimama sehemu moja, unapiga ukumbi wote, kisha unavuta mpaka pete kidoleni. Kwa mtu anayekwenda mbuga za wanyama mara moja kwa mwaka na hataki kubadilisha lenzi kwenye vumbi, ni chombo cha maana.

Lakini tazama namba ya f: 3.5 hadi 6.3. Ukiwa umevuta mpaka 400, tundu ni f/6.3, na hapo unapokea mwanga pungufu ya moja ya kumi na mbili ya ule wa f/1.8. Kisha kuna mtikisiko. Kanuni ya zamani inasema shata isiwe taratibu kuliko sekunde moja ikigawanywa kwa milimita zako, na kwenye milimita 400 hiyo ni sehemu ya 1/400 ya sekunde, ndani ya ukumbi wenye giza. Lenzi inayo kifaa cha kutuliza mkono wako. Hakimtulizi anayecheza.

Mwaka 2013 Sigma walijaribu kuoanisha pande zote mbili. Wakatoa lenzi ya milimita 18 hadi 35 yenye f/1.8 mwanzo hadi mwisho, ya kwanza ya kuvuta kufanya hivyo kwa kamera za sensa ndogo. Wapigapicha na watengeneza video waliipenda, na wengi bado wanaipenda. Malipo: vioo 17 ndani yake, gramu 810, bei ya kuanzia dola 799, na mvuto ambao haufiki hata mara mbili. Ni lenzi nzuri ya pili au ya tatu. Ukianza nayo, fedha ya flashi na ya kadi ya pili itakuwa imekwisha.

Inayoona eneo pana kuliko nyingi: nyuzi 220

Mwaka 1970, katika maonyesho ya Photokina nchini Ujerumani, Nikon walionyesha lenzi ya milimita 6 yenye kioo cha mbele kilichotuna kama bakuli lililogeuzwa. Ilikuwa na kilo 5.2 na iliona nyuzi 220. Ukumbuke nyuzi 180 ni nusu ya duara, yaani kila kilicho mbele yako. Lenzi hii iliona hadi nyuma ya mwenye kuishika.

Anayeanza haihitaji, ila na aikumbuke pale anapojibana ukutani kupiga ukoo mzima kwenye sebule. Lenzi pana inawaingiza wote, na waliosimama pembeni inawavuta na kuwanenepesha. Shangazi aliyewekwa ukingoni hatakusamehe. Waweke wanene na wazee katikati, watoto wembamba pembeni, na urudi nyuma kadiri nyumba inavyoruhusu. Milimita 18 za lenzi ya boksi zinatosha kwa kazi hiyo.

Nyepesi kupindukia: gramu 60

Upande wa pili wa mzani, kampuni ya Viltrox ya China ilitoa mwaka 2024 lenzi ya milimita 28 kwa kamera za Sony, yenye unene wa milimita 15.3 na uzito wa gramu 60. Ni uzito wa yai la kuku. Inajifokasi yenyewe, inafaa kwenye sensa kubwa, na ilianza kuuzwa dola 99.

Ilichokitoa kafara ni tundu. Ni f/4.5 na haibadiliki: huwezi kulifungua zaidi, huwezi kulifunga. Kwa kutembea mtaani mchana inafurahisha sana. Kwa kuitegemea kama lenzi pekee, jioni itakuacha njiani.

Ipo njia ya kati. Mwaka 2012 Canon walitoa ya milimita 40, f/2.8, na mwaka 2014 ya milimita 24, f/2.8, hii ya pili ikiwa ya kamera za sensa ndogo tu. Zote mbili zina unene wa milimita 22.8, na hiyo ya 24 ina gramu 125. Mwenye kamera ya Canon ya sensa ndogo anayependa kupiga mitaa, soko na ndani ya nyumba, hiyo 24 iliyokwishatumika ni miongoni mwa vitu bora anavyoweza kuvipata kwa fedha kidogo.

Mdomo uliodumu kuliko mingi: tangu 1959

Mdomo wa kamera ni ile pete ya chuma ambapo lenzi inajifunga. Mdomo wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959, na kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani za miaka ya karibuni bado zilikuwa nao. Mdomo wa EF wa Canon ulianza 1987, na kufikia mwaka 2014 Canon walikuwa wametengeneza lenzi milioni 100 za ukoo huo. Hizo ndizo sababu za soko la lenzi za mtumba kuwa na neema: bidhaa za miongo mingi zinazunguka, na wenye kuhamia kamera mpya zisizo na kioo hicho wanauza za zamani.

Humo humo ndimo mtego ulimo. Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Lenzi za zamani za Nikon zenye alama ya AF peke yake, bila S, hutegemea mota iliyo ndani ya kamera. Kamera za bei nafuu za Nikon, kama D3500 na D5600, hazina mota hiyo. Lenzi itajifunga vizuri, itapiga picha, lakini utazungusha fokasi kwa mkono siku nzima. Kwa kamera hizo, tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P.

Kwa Canon, lenzi za EF zinaingia kwenye kamera zote za EOS za kioo, ila za EF-S ni za sensa ndogo tu. Ukiwa na kamera mpya ya mdomo wa RF, utahitaji kiunganishi. Kabla ya kulipa chochote, andika jina kamili la kamera yako kwenye karatasi, nenda nayo dukani, na funga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe.

Rahisi kuliko nyingi kwa mwanga inaoupitisha

Sasa tumefika kwa mshindi ambaye hana kikombe. Lenzi ya Canon ya milimita 50, f/1.8, aina ya STM, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125. Ina gramu 160. Ile ya milimita 1200 tuliyoitaja juu ina uzito wa lenzi mia moja za namna hii.

Kwa nini ni rahisi hivyo na bado ina tundu kubwa? Jibu liko mwaka 1896. Mwaka huo Paul Rudolph wa Zeiss alibuni mpangilio wa vioo ulioitwa Planar, vioo sita vikigawanyika pande mbili za tundu kama picha na kivuli chake. Upande mmoja unasahihisha makosa ya upande mwingine. Lenzi nyingi za milimita 50 za bei nafuu ni wajukuu wa mpangilio huo. Hii ya Canon ina vioo sita tu. Tamron ya 18-400 ina 16. Vioo vichache, ubunifu uliokwishalipiwa na vizazi vilivyopita, na viwanda vinavyozitoa kwa wingi: bei inashuka yenyewe. Anayedhani milimita 50 ni za wanafunzi akumbuke kwamba Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyesifiwa kuliko wengi katika picha za mitaani, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake ya maisha kwa lenzi ya milimita 50.

Hata hivyo Cartier-Bresson alitumia filamu ya milimita 35, na kamera ya anayeanza kwa kawaida ina sensa ndogo ya APS-C. Sensa ndogo inakata pembeni, hivyo lenzi inaonekana kuvuta zaidi: zidisha mara 1.5 kwa Nikon na Sony, mara 1.6 kwa Canon. Milimita 50 zinageuka kuwa kama 80. Kwa sura ya mtu ni nzuri mno. Kwa sebule ni balaa. Kumpiga mtu mzima kuanzia unyayo hadi utosi kwa lenzi hiyo unahitaji kusimama zaidi ya mita 4 kutoka kwake, na vyumba vingi tunavyoishi havina mita 4 za kurudi nyuma. Mgongo utagusa ukuta na miguu ya bibi harusi itakuwa bado haijaingia.

Ndiyo maana, kwa mwenye Nikon ya sensa ndogo, jibu bora liko kwingine: AF-S DX ya milimita 35, f/1.8, iliyotoka mwaka 2009 kwa takriban dola 200, gramu 200. Milimita 35 zinageuka 52.5, karibu sawa na zile za Cartier-Bresson, na mtu mzima anaenea ukiwa chini ya mita 3. Inapiga sura, inapiga meza ya keki, inapiga kikundi cha watu watano, na inafanya hivyo taa zikiwa hafifu.

Adui mwenye rekodi pwani: ukungu

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, rekodi nyingine haipo kwenye vitabu. Hakuna kinachoua lenzi pwani kimyakimya kama ukungu. Unyevu ukizidi kwenye begi lililofungwa kabatini, vijidudu vinaota juu ya vioo vya ndani kama nyuzi za buibui, na asidi yake inakula rangi ya kinga ya kioo. Lenzi iliyoliwa kiasi hicho hata ikisafishwa haitarudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo unaponunua mtumba, fanya haya mbele ya mwuzaji. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, itazame kutoka mbele kwa pembe tofauti. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi na madoa ya mviringo, rudisha. Itikise taratibu usikilize kama kuna kinachogongana. Funga kwenye kamera yako, fokasi karibu na mbali mara kadhaa, sikiliza kama inakwaruza. Kisha piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, tundu likiwa wazi kabisa, na ukuze picha kwenye kamera. Pembe zote nne zifanane. Pembe moja ikiwa hafifu kuliko nyingine, huenda lenzi hiyo imewahi kuanguka.

Ukishanunua, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikichoka, badilisha. Na itumie: lenzi inayotoka nje kila wiki ukungu hauipati kirahisi.

Uamuzi

Kama bado huna lenzi hata moja, chukua kamera pamoja na ile ya boksi ya 18-55, hata ikiwa ya mtumba. Hakuna nyingine itakayokupa upana na mvuto kidogo kwa bei ile, na itakuonyesha ndani ya miezi miwili ni milimita zipi unazitumia zaidi. Fungua picha zako mia za mwisho, tazama kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi, na orodha itakujibu kuliko mshauri yeyote.

Picha nyingi zikiwa kati ya 18 na 28, kazi yako ni ya vyumba na vikundi: mwenye Canon atafute ile ya 24. Zikiwa kati ya 30 na 40, nunua 35 ya f/1.8 na usiangalie nyuma. Zikiwa zimejazana kwenye 55, unapenda sura za watu, nunua 50 ya f/1.8 uokoe fedha. Lenzi ya kuvuta mara ishirini na mbili iache mpaka ipatikane kazi ya mbugani inayoilipia.

Kwa harusi ya dada Jumamosi, beba mbili: ya boksi kwa ukoo mzima nje mchana, ya f/1.8 kwa ukumbini usiku. Za Canon tulizozitaja hapo juu kwa pamoja hazifiki gramu 400, na zote mbili zitaingia kwenye begi moja dogo bila kuvunja rekodi yoyote.